Mawe Yalipewa Namba

Shangazi alilizunguka lile kanisa dogo taratibu, kimya, akipitisha kiganja kwenye mawe ya ukuta. Tulikuwa juu kabisa ya mji wa Killaloe, magharibi mwa Ireland, kwenye uwanja wa kanisa Katoliki. Upepo ulikuwa unatoka ziwani moja kwa moja hadi usoni petu. Akainama, akachungulia mlangoni, akatazama lile paa la mawe lililofunika upande wa madhabahu.

Njiani nilikuwa nimeshamsimulia habari zake. Kanisa hili la Mtakatifu Lua halikujengwa hapa. Lilikaa karibu miaka elfu moja kwenye kisiwa kidogo cha mto Shannon, chini kidogo ya mji, kiitwacho Friar's Island. Serikali ilipoamua kuuzuia mto ili kupata umeme, ikajulikana kwamba kisiwa kitazama. Basi wakaja watu wenye rangi na daftari, wakayatia mawe namba, wakalibomoa kanisa, wakayapandisha mawe mlimani na kulijenga upya mwaka 1930 kwa mpangilio uleule.

Nilisimulia kwa fahari. Naishi Limerick, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na kila mgeni anayenitembelea namleta Killaloe kumwonyesha kanisa hili.

Lakini Shangazi ametokea Mwanga, Kilimanjaro. Amekulia karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu, amenunua samaki wa bwawa hilo tangu wanatolewa kwenye mtumbwi, na mambo ya maji kuzuiwa hahitaji kuelezwa.

“Mawe wameyahesabu,” akasema. “Na waliokuwa wanakula kutokana na mto huu, mwanangu, hao nani aliwahesabu?”

Sikuwa na jibu. Tukashuka mtoni, tukanywa chai, na siku chache baadaye akapanda ndege kurudi nyumbani.

Swali likabaki kwangu.

Daraja

Killaloe si mji mkubwa. Ukiuchanganya na pacha wake, Ballina, uliopo ng'ambo, unapata watu zaidi ya 4,000. Killaloe ni kaunti ya Clare, Ballina ni Tipperary. Katikati unapita Shannon, mto mrefu kuliko yote Ireland, ukitoka hapo hapo kwenye ziwa Derg. Magharibi kuna milima ya Slieve Bernagh, mashariki ile ya Arra. Barabara kuu ya Killaloe inapanda mlima moja kwa moja, na mzee akiipanda lazima asimame katikati kuvuta pumzi.

Miji hii imeunganishwa na daraja la mawe lenye matao 13, jembamba kiasi kwamba magari yalikuwa yanapita kwa zamu, upande mmoja ukisubiri taa. Daraja jipya, lililopewa jina la mfalme Brian Boru, lilifunguliwa mwaka 2025 kusini mwa mji. Wakati wa mashindano ya hurling, mchezo wao wa magongo, utajua umevuka mpaka kwa kutazama bendera. Clare walitwaa ubingwa wa taifa 2024, Tipperary wakauchukua 2025, kwa hiyo kila upande wa maji umekuwa na mwaka wake wa kushangilia.

Kwenye daraja la zamani kuna kumbukumbu ya vijana wanne. Novemba 1920, wakati wa vita vya uhuru, askari wasaidizi wa Uingereza waliwakamata kwenye nyumba moja kando ya ziwa, wakawaleta Killaloe kwa meli, na usiku wa tarehe 16 wakawapiga risasi hapo darajani. Alfie Rodgers, Michael McMahon na Martin Gildea walikuwa wapiganaji waliokuwa wanasakwa. John Egan alikuwa mtunzaji wa ile nyumba, kosa lake ni kuwa walikutwa kwake. Wote wanne wamezikwa Scariff, na majina yao bado yanatajwa.

Nakumbusha haya kwa sababu moja. Huu ni mji unaojua kutaja majina.

Mawe yanayohama

Katika wiki za mwanzo nilijaribu kulijibu swali la Shangazi kwa kukimbilia historia. Nilijiambia: Killaloe kila kitu kimehamishwa, kisiwa kile ni mfano mmoja tu. Na kweli, ukichunguza utaona hivyo.

Chukua Kincora, ikulu ya Brian Boru. Brian alizaliwa maeneo haya mnamo mwaka 941, mtoto wa ukoo wa Dál gCais ambao haukuwa na jina kubwa, akapanda hadi kuwa mfalme mkuu wa Ireland yote mwaka 1002. Aliuawa Ijumaa Kuu ya mwaka 1014 katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin. Kwa mapokeo, ikulu yake ilikuwa juu ya mlima, pale pale linaposimama sasa kanisa Katoliki. Leo hakuna hata jiwe moja la ikulu. Kumbukumbu za kale zinasema kwamba katika karne ya 12 mfalme wa Connacht, Turlough O'Connor, aliivamia, akaibomoa, na kuitupa mtoni, mawe na mbao pamoja.

Kwa hiyo kanisa lililookolewa mtoni limewekwa mahali ambapo ikulu iliondolewa na kutupwa mtoni. Nilipoligundua hilo nilikaa kimya kwa muda. Sidhani kama aliyechagua eneo alilipanga hivyo. Alitafuta tu uwanja wenye nafasi na ulinzi. Lakini ndivyo ilivyo.

Teremka sasa hadi kanisa kuu la Mtakatifu Flannan, la Kianglikana, lililojengwa karibu mwaka 1200. Ndani, kwenye kona, kuna mlango wa zamani kuliko kanisa lenyewe, umenakshiwa wanyama na mistari iliyosokotana, umepachikwa ukutani na hauelekei popote. Inasemekana unahusiana na kaburi la Muirchertach O'Brien, kitukuu wa Brian, aliyefariki 1119. Kuna pia msalaba mrefu wa mawe uliotolewa Kilfenora, upande wa pili wa Clare, mwaka 1821. Askofu wa wakati huo aliona huko hautunzwi, akaubeba, na haujarudi mpaka leo.

Halafu kuna jiwe la Thorgrim, ninalolipenda kuliko vyote. Ni kipande cha msalaba cha karibu mwaka 1000, kina maandishi ya aina mbili: herufi za Waviking upande mmoja, na ogham, mikato ya kale ya Ireland, upande mwingine. Moja linasema Thorgrim alichonga msalaba huu. Jingine linamwombea Thorgrim baraka. Viking, mtu wa taifa lililochoma nyumba za watawa kando ya mto huuhuu, amebatizwa, amechonga msalaba, na ameombewa dua kwa maandishi ya wenyeji. Jiwe hilo liliwahi kutumika kama tofali la kawaida tu katika ukuta. Fundi fulani alilitazama, akaona umbo lake linatosha pengo, akalipachika.

Nikahitimisha: basi, mambo ndivyo yanavyokwenda. Urithi wa mji huu ni mawe yanayohama, na Friar's Island ni sura moja tu katika hadithi ndefu.

Lilikuwa jibu zuri. Nikaliandika, nikalisoma tena, nikaliona halijagusa swali.

Shangazi hakuuliza habari za mawe.

Umeme

Ili kumtendea haki kila mtu lazima nieleze kwa nini kisiwa kilizamishwa, kwa sababu sababu zilikuwa nzito na mimi naziheshimu.

Dola Huru ya Ireland ilizaliwa 1922, ikaingia papo hapo kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1923. Nchi ilikuwa maskini, madaraja yamelipuliwa, vijana wanapanda meli kwenda Marekani. Katika hali hiyo mhandisi kijana, Thomas McLaughlin, aliyekuwa amefanya kazi na kampuni ya Siemens huko Ujerumani, akaja na wazo kwamba Shannon peke yake unaweza kuiwashia nchi nzima taa. Wengi walicheka. Gharama ilikuwa kama pauni milioni 5.2, takriban moja ya tano ya bajeti ya serikali ya mwaka. Serikali ikakubali. Ujenzi ukaanza 1925.

Kwa wasiojua mpangilio wake, ni hivi. Chini ya Killaloe, mahali paitwapo Parteen, lilijengwa banio la kuzuia mto. Maji yakapanda hadi kulingana na usawa wa ziwa Derg, ndiyo maana kisiwa kilizama na mto mbele ya Killaloe umetulia na kupanuka. Kutoka kwenye banio ukachimbwa mfereji wa kilomita zaidi ya 12, unaopeleka maji hadi Ardnacrusha, ambako yanashuka karibu mita 28 na kuzungusha mitambo. Kituo kilifunguliwa Julai 1929 na kiongozi wa serikali, W.T. Cosgrave. Wakati huo kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya umeme wa maji duniani, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya umeme wa Ireland ilitoka hapo. Bado kinafanya kazi. Umeme unaochemsha maji yangu ya uji unatoka kwenye gridi hiyohiyo.

Mtu aliyelelewa kwa koroboi hawezi kuubeza mradi wa namna hii. Nimewahi kusoma kitabu kwa mwanga wa moshi, najua thamani ya swichi ukutani.

Lakini katika kusoma habari za ujenzi ndipo nilipoanza kuona wanadamu. Kilele cha kazi, waliajiriwa zaidi ya 5,000. Vibarua wa Ireland walipangiwa shilingi 32 kwa wiki, kazi ya sulubu, na mwaka 1925 wakagoma. Mgomo ukashindwa kwa sababu njaa ilikuwa kubwa nje ya geti kuliko ndani. Kambi hazikutosha, wengine wakalala kwenye mabanda ya mifugo. Mchoraji Seán Keating aliwachora wakiwa kwenye udongo na miamba, na picha zake leo zinatunzwa vizuri sana.

Na mto wenyewe?

Maji yaliyoondoka

Hapa ndipo mambo yaligeuka kwangu. Siku zote nilikuwa nautazama mradi nikiwa Killaloe, na Killaloe ulipata maji. Maji mapana, boti, watalii, bei ya nyumba. Ukisimama hapo unadhani hasara yote ilikuwa kisiwa kimoja na kanisa moja, na kanisa likaokolewa.

Nikaamua kushuka na mto hadi Castleconnell.

Ni mji mdogo mwingine wa kando ya Shannon, upande wa Limerick, chini ya banio. Katika karne ya 19 ulikuwa na jina duniani. Matajiri walisafiri kutoka mbali kuja kuvua salmoni kwenye maporomoko ya Doonass, mahali mto ulipokuwa unaruka juu ya miamba kwa kishindo. Ukoo wa Enright ulikuwa na karakana hapo, wakitengeneza fito za kuvulia zilizouzwa hadi ng'ambo ya bahari. Walikuwepo wapiga kasia waliojua kila jiwe chini ya maji, wenye nyumba za wageni, wanawake wa kufua na kupika.

Mwaka 1929 maji yakaingizwa mfereji.

Mitambo ya Ardnacrusha inaweza kunywa hadi kama mita za ujazo 400 kwa sekunde. Mto wa zamani, unaopita Castleconnell, umewekewa kiwango cha chini cha mita za ujazo 10. Mafuriko yakija unapata zaidi, kwa sababu mfereji umeshajaa. Kiangazi kikiingia unabaki na hizo 10. Nilisimama Doonass siku ya jua. Ni mahali pazuri bado, miti imeinama, watu wanatembeza mbwa. Miamba yote mikubwa iko wazi, imeota majani, na maji yanapita katikati yake bila haraka.

Mto ule uliotangazwa katika vitabu vya safari sasa unapita kwenye mfereji.

Salmoni ni samaki anayezaliwa mtoni, anakwenda bahari kuu, na anarudi kuzaa mahali alipozaliwa. Huongozwa na mkondo. Akifika mahali ambapo mto umegawanyika, hufuata maji yenye nguvu, na maji yenye nguvu yalikuwa yanatoka Ardnacrusha. Kwa hiyo walikwenda kusimama mbele ya ukuta. Lifti ya kuwapandisha samaki ilijengwa mwaka 1959, miaka 30 baadaye. Ni vizazi vingi vya salmoni hivyo. Idadi ya samaki wa Shannon haijarudi ilivyokuwa.

Na waliokuwa wakiishi kwa samaki huyo walikuwa na jina. Limerick wanaitwa Wavuvi wa Abbey, koo chache za mtaa wa zamani wa jiji, waliovua kwa nyavu kwenye sehemu zao za mto kwa vizazi na vizazi, baba akimrithisha mwana boti na sehemu ya kutegea. Mto ulipobadilishwa njia, sehemu hizo zikawa hazina samaki. Wakafuata samaki walikokwenda, kwenye mfereji wa kutolea maji, na mwaka 1932 ikafikia wavuvi na polisi kukabiliana huko. Kisha sheria ya 1935 ikaliweka jukumu la uvuvi wa Shannon mikononi mwa ESB, shirika la umeme la taifa. Wavuvi wa Abbey wakawa wavunja sheria kwenye mto wa babu zao, kisha wakawa hawapo.

Hao ndio Shangazi aliokuwa anawauliza.

Nini kinaitwa urithi

Nimelala na jambo hili siku nyingi na bado sijatulia. Upande mmoja wa moyo unasema: nchi changa ilichagua taa, na ilichagua sawasawa. Ningekuwa bungeni mwaka 1925 ningenyosha mkono kuunga mkono. Upande wa pili unaona kwamba katika mradi uleule kulikuwa na watu wenye elimu waliofika kisiwani kupima, kuchora na kutia namba kila jiwe la jengo ambalo hakuna aliyekuwa akisali ndani yake. Uangalifu ulikuwepo. Fedha ya uangalifu ilipatikana. Hoja ya kwamba enzi zile watu hawakujali haisimami, kwa sababu kanisa liko juu ya mlima na linaonekana.

Walijali jiwe.

Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba namna ya kutupa wavu mahali fulani, kwa wakati fulani wa mwaka, maji yakiwa na rangi fulani, nayo ni kitu cha karne nyingi. Kwamba karakana ya fito za kuvulia ni urithi kama mlango wa Muirchertach. Kwamba kishindo cha Doonass, kilichosikika usiku na kila mtoto wa Castleconnell kabla hajajua kusema, kilikuwa mali ya mji ule.

Sisemi kanisa lisingehamishwa. Nalipenda. Nitaendelea kuwapeleka wageni. Ila kusimulia habari yake peke yake, kama nilivyokuwa nafanya, ni kuusimulia mto hadi kwenye banio na kuishia hapo.

Bomba

Ningeweza kuliacha suala hili liwe la kale, kama lisingekuwa linarudi mahali palepale.

Shirika la maji la taifa, Uisce Éireann, lina mpango wa kuchota maji kwenye bwawa la Parteen, pale juu ya banio, na kuyapeleka kwa bomba la takriban kilomita 170 hadi karibu na Dublin. Jiji linakua na vyanzo vyake vya maji vimeelemewa. Shirika linasema litachukua asilimia 2 tu ya wastani wa maji ya mto. Wakulima ambao ardhi yao bomba litapita wana wasiwasi wao, watu wa kando ya ziwa wana wao, na Dublin wana kiu. Sioni adui katika habari hii. Watoto wa Dublin wanahitaji maji ya kunywa kama watoto wa 1929 walivyohitaji taa.

Lakini ripoti za mazingira za miradi ya siku hizi huwa na sura nzima ya urithi. Nazifungua nikijua nitakachokikuta: magofu, maboma ya kale, makaburi, makanisa, kila kimoja na namba yake ya kumbukumbu. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi mkubwa na naiheshimu. Swali langu ni nani ataandika jina la mtu anayejua mahali mikunga, samaki wenye umbo la nyoka, wanapopita kwenye bwawa lile vuli, au mzee wa Castleconnell anayeweza bado kuonyesha kwa kidole kila kidimbwi cha salmoni kwa jina lake la zamani, ijapokuwa maji hayapo.

Sheria ya mipango hapa inamruhusu mtu yeyote kutoa maoni yake kuhusu mradi kama huu, raia au mgeni, akilipa ada ndogo. Nimeanza kuandika yangu. Sipingi bomba. Naomba mambo matatu: kiwango cha maji cha mto wa zamani kijadiliwe upya kwa kuwa kila kitu kingine kinajadiliwa, wazee wa pande zote mbili za mto warekodiwe kabla hawajatutoka, na koo za Wavuvi wa Abbey ziingizwe kwa majina katika sura ileile ya urithi inayolitaja kanisa la Mtakatifu Lua.